Alikuta nini, akaacha nini

Malaba, Jumanne jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni haki kumtimua kocha wa timu yenu ya mpira hapo Jinja kwa kuwa misimu miwili imepita bila kombe, na wewe mweka hazina unapiga kura Jumamosi. Mwenyekiti anasema kocha ni makombe, mengine maneno tu. Mimi sikubaliani naye.

Mkumbuke Bobby Williamson, yule Mskoti. Akiwa na Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, tulibeba Kombe la Chalenji, lile la Afrika Mashariki na Kati, mara nne: 2008, 2009, 2011 na 2012. Kwa hesabu ya mwenyekiti hana mpinzani. Lakini AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, hakutufikisha. Oktoba 2011 tulihitaji kuifunga Kenya pale uwanja wa Namboole, mechi ikaisha bila bao. Mwaka uliofuata tukaifunga Zambia, mabingwa wa Afrika, 1-0 palepale. Walikuwa wametufunga 1-0 kwao, basi wakatutoa kwa penalti. Ulilia usiku ule hadi ukalala na jezi. Sasa niambie, mama: penalti zile zingetuendea vizuri, Williamson angekuwa anajua mpira zaidi usiku kuliko alivyoujua asubuhi?

Halafu Sébastien Desabre, Mfaransa aliyeifundisha Cranes baadaye. Mwaka 2019 kule Misri vijana wake waliifunga Kongo ya Kinshasa 2-0, wakatoka sare na Zimbabwe, wakavuka makundi, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu 1978. Senegal wakatutoa kwa bao moja. Ni kweli mlango alikuwa ameufungua Micho, kocha wa Cranes kabla yake, aliyeturudisha AFCON 2017 baada ya miaka 39. Lakini Desabre kabati letu aliliacha kama alivyolikuta. Timu hakuiacha kama alivyoikuta. Baadaye akaichukua Kongo hiyohiyo, akaifikisha nusu fainali ya AFCON mwanzoni mwa 2024.

Sidharau kombe. Kushinda fainali kunataka moyo, na wapo makocha ambao mikono huwatetemeka siku hiyo. Ila kombe moja la mtoano ni mechi chache, na mechi moja huamuliwa na kipa kuteleza.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Ulipokuwa mdogo nilikuwa kwenye kamati ya timu moja ya mtaa huku kwetu. Tulimpa kocha mipira miwili na vijana ambao wengi wao walishinda wakibeba mizigo mpakani. Alikuwa na winga mmoja asiyejua mguu wa kushoto. Kila jioni alimsimamisha mbele ya ukuta wa ghala, akamfungia kitambaa mguu wa kulia ili akumbuke kutoutumia, naye apige mpira ukutani hadi giza liingie. Mwaka mzima hatukushinda kitu. Tukamwandikia barua ya kumwondoa, na mimi ndiye niliyeipeleka. Hakubishana. Alinipa daftari lake: nani alichelewa mazoezini na kwa nini, nani alikuja hajala, bao gani tulifungwa na beki alisimama wapi. Msimu uliofuata kocha mpya akabeba kombe na vijana walewale, na bao la fainali likafungwa na yule winga, kwa mguu wa kushoto. Tulimbeba kocha mpya mabegani. Mimi pia nilimbeba, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo usianzie kwenye kabati. Wewe ndiye unayeshika fedha, waeleze kamati mlimpa shilingi ngapi, na timu zilizo juu yenu zilitumia ngapi. Nilipoendesha malori, hakuna tajiri mwenye akili aliyenihesabia saa za kufika Kampala bila kuuliza nilibeba tani ngapi. Tazama vijana aliowakuta: wamepanda kiwango au wamebaki palepale? Mabao mnayofungwa ni yaleyale ya mwaka jana? Akizidiwa kipindi cha kwanza, hubadilisha kitu au hupiga kelele tu? Kama jibu ni kelele tu, basi mwondoeni, hata angekuwa na makombe matatu.

Mazoezini umewahi kwenda? Nenda Alhamisi na Ijumaa, bila kumwambia, ukae pale kwenye nyasi mpaka wamalize. Daftari lile bado ninalo. Nitalituma kesho kwa dereva wa basi la asubuhi, ulipokee stendi.

Baba yako