Wimbo niupendao Eurovision: inawezekana?

Dada, umeuliza kama unaweza kupanda jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, ukaimba ule wimbo wa zamani unaoupenda tangu utotoni. Wimbo huo, hapana. Wewe mwenyewe, labda.

Kanuni zinataka wimbo mpya, usiotolewa sokoni kabla ya Septemba 1 ya mwaka unaotangulia shindano. Usizidi dakika 3, jukwaani wasizidi watu 6, nawe uwe umetimiza miaka 16. Waandaaji hawadai uraia: Céline Dion, Mkanada, aliishindia Uswisi mwaka 1988. Ila anayekupeleka ni shirika la utangazaji la nchi shiriki, na baadhi ya mashirika hayo yana masharti yao ya uraia au ukaazi. Soma tangazo lao kabla hujalipia studio. (Afrika iliwahi kushiriki mara moja tu, kupitia Moroko, 1980.)

Muziki wa ala hutoka kwenye rekodi. Gitaa utakaloshika ni pambo. Sauti kuu lazima iwe laivu, na hapo ndipo wengi huumbuka. Studio waliimba wametulia, jukwaani wanacheza. Kufika kiitikio cha mwisho pumzi imekata na noti zinashuka. Fanya mazoezi ukiimba na kucheza kwa pamoja, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza hasa sekunde 30 za mwisho. Noti ya juu ikilegea, shusha ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo mzima) nusu toni au toni nzima kabla biti haijakamilika. Utangulizi nao ufupishe: sekunde 20 bila sauti yako ni nyingi mno.