Jibu: Mafuta ya karafuu katika maji ya kunywa ili watoto wasiharishe

Dada, umeuliza kama matone machache ya mafuta ya karafuu katika mtungi wa maji yanaweza kuwakinga watoto na maradhi ya kuharisha masika haya, kwa kuwa umesikia kwamba mafuta hayo huua bakteria. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nilifanya hivyo hivyo nyumbani kwangu Langoni, hapa Lamu, masika mazima, na mwanangu wa miaka 3 akaharisha hata macho yakambonyea.

Aliyenifundisha ni mavyaa wangu, na sikuona sababu ya kumbishia, maana karafuu ya Pemba tumeizoea tangu tukiwa wadogo na kila nyumba hujua kuitia katika jino linalouma. Tena asili ya jambo lenyewe ni kweli. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hujipenyeza katika utando unaoizunguka bakteria na kuudhoofisha, mpaka vilivyomo ndani vikavuja. Maabara zimeliona hilo kwa Escherichia coli na kwa Salmonella, bakteria mbili zinazoweza kumharisha mtu.

Ugumu uko katika kipimo. Ili kuizuia Escherichia coli isikue, huhitajika takriban gramu 1 ya eujenoli kwa kila lita, yaani gramu 20 katika mtungi wa lita 20, ambazo ni kama matone 400. Mimi nilikuwa nikitia matone 10. Ukitaka kutia kiasi kinachotosha, maji yatakuwa makali kiasi cha kutonyweka, na zaidi ya hapo yatadhuru: kamati ya wataalamu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na Shirika la Afya Duniani iliweka ukomo wa miligramu 2.5 za eujenoli kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hatakiwi kuzidisha miligramu 25, ilhali robo lita tu ya maji hayo ingekuwa na miligramu 250. Wale samaki wadogo tunaowaweka katika birika, yaani tangi la maji la nyumbani, ili wale viluwiluwi vya mbu wangelewa kabla bakteria hazijaguswa, kwani wafugaji wa samaki huyatumia mafuta haya haya kuwalaza.

Jambo la pili nililiona kwa macho yangu. Mafuta mengi ya mimea huelea, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama na kukaa chini. Watu wa nyumbani walikuwa wakiteka kwa kata maji ya juu ambayo hayana kitu, hadi siku moja binti yangu akanywa ya mwisho kabisa na kuungua ulimi na midomo. Alilia sana, nami ndipo nilipoinamisha mtungi na kuyaona matone yametulia chini kama shanga.

Hata yakimezwa salama, sehemu kubwa hufyonzwa kabla ya kufika mbali katika utumbo. Ndiyo maana watengenezaji wa chakula cha kuku, ambao wameyageukia zaidi mafuta ya mimea tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006, huyafunika kwa tabaka la mafuta magumu ili yafunguke utumboni. Tone la mtungini halina kifuniko hicho.

Muuguzi wa zahanati hakuniuliza habari za mafuta. Aliniuliza kisima kiko wapi. Kisima chetu kiko hatua chache kutoka shimo la choo, kama vilivyo vingi katika mji wa kale, na mvua ikizidi uchafu hupenya mchangani mpaka majini. Tangu siku hiyo maji yetu huchemka kwa nguvu kwa dakika nzima, au hutiwa klorini kwa kipimo cha chupani na kusubiri dakika 30, hata kama watoto wanalalamikia harufu. Akiharisha mtoto, naanza na lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kisha nampeleka apewe zinki.

Chupa ya karafuu ningali nayo, juu ya kabati, kwa jino langu mwenyewe. Nakuomba nawe uiweke mbali na mikono ya watoto, kwa sababu mililita 5 hadi 10 zimewahi kumharibu ini mtoto mdogo na kumpotezea fahamu. Ikiwa mmoja wao ameshaonja moja kwa moja kutoka chupani, usimtapishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na chupa uichukue ili daktari aione.