Kidonge kipo, daktari bado ana kazi

Umeuliza: kama ARV siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza anabaki na kazi gani? Nyingi tu, ndugu yangu. Chukua mgonjwa anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, akapata kifua kikuu. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hufanya mwili uiondoe dolutegravir haraka, kwa hiyo miligramu 50 hutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asipokuwepo wa kuliona hilo, dawa inapungua kwenye damu na virusi vinapata mwanya wa kujenga usugu. Hata vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu, huzuia isifyonzwe vizuri. Ndiyo maana daktari mzuri hachoki kuuliza, "Unameza nini kingine?"

Halafu kuna utafiti. HPTN 052, uliofanywa kwa jozi 1,763 za wapenzi ambao mmoja tu ana VVU, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikathibitisha: virusi visipoonekana kwenye kipimo, na dawa ikiendelea kumezwa, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, bila kumung'unya maneno. Wapo madaktari ambao bado hawasemi, na hilo linaniuma sana.