Anaporusha Vitu, Anajifunza

Mwanangu wa pili alipofikisha mwaka mmoja na miezi minne, hakuna kilichokaa mezani. Kijiko chini, kikombe chini, kiatu cha baba yake dirishani. Namwokotea, anarusha tena. Nilijua ni utundu tu. Nilimkaripia, siku moja nikamchapa kikofi mkononi (sijivunii), na kesho yake tukaanza upya.

Kisha ikafika jioni nimechoka hata kukaripia, nikakaa namwangalia. Kumbe hana habari na mimi! Alirusha kijiko, akakifuata kwa macho mpaka kikatua, akasikiliza mlio. Akarusha kitambaa. Akangoja mlio. Haukuja. Akakiokota, akarudia.

Tangu hapo sizuii kurusha, nabadilisha kinachorushwa. Soksi nazikunja ziwe mipira, naweka beseni mbele yake, namwambia, "Soksi tunarusha, kijiko tunalia chakula." Ilichukua wiki kadhaa, tena kwa kurudiarudia mpaka nikajichoka mwenyewe.

Wa kwanza yeye alikuwa wa kuzunguka. Anazunguka mpaka anapepesuka, anaanguka, anacheka, anainuka. Majimaji ya sikio la ndani huendelea kusogea hata mwili ukisimama, ndiyo maana dunia inamzunguka. Mwondolee meza yenye kona kali, basi.

Kupanda ndiko kulikonitia hofu. Hapo nilisaidiwa na wazo la Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria: usimweke mtoto mahali au katika mkao asioufikia mwenyewe. Nikaacha kumpandisha juu ya viti. Akipanda kwa nguvu zake, nasimama karibu na kumfundisha kushuka kinyumenyume, miguu itangulie. Ila kabati refu tumelikaza ukutani kwa skrubu, na ngazi, jiko na barabara havina mjadala.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na asikae amefungwa kitini au mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo. Dakika hizo si za mazoezi. Kukimbia, kubeba na kusukuma ndoo vyote vimo.

Kiatu cha baba yake bado huruka siku mojamoja. Nikikiona hewani, najiuliza kwanza: leo huyu ametoka nje kweli?