Ngumi juu, kisha mtafute mwenzako

Wadogo zangu mnaoanza kupuliza filimbi ya urefa wa mpira wa kikapu hapa Moshi, niwaambie mapema: ishara mlizokariri mbele ya kioo ni nusu ya kazi. Ngumi mbili zinazozungushwa kwa kutembea na mpira, kiganja kinachopigapiga hewa kwa dabo dribo (kudunda, kushika, kisha kudunda tena), mikono kiunoni kwa kuziba njia, hizo mtazishika ndani ya wiki moja. Mashabiki wanaokaa ukutani wanazijua pia, tena wengine kuwazidi. Kinachowasumbua wageni ni zile ambazo refa humpa refa mwenzake.

Nianze na aibu yangu. Mechi ya mtaa, kiwanja cha saruji, jioni moja mlima umetoka mawinguni na watu wamejaa. Tulikuwa waamuzi wawili. Mchezaji akaingia kwa kasi kutoka pembeni, beki amemsimamia, kishindo, wote chini. Mimi nilikuwa mstari wa mwisho, karibu na kikapu. Nikapuliza, na kabla hata sijavuta pumzi mikono imeshafika kiunoni: faulo ya beki. Nageuka, kumbe mwenzangu naye kapuliza, na ngumi yake inagonga kiganja: faulo ya aliyekuwa na mpira. Tukabaki tumesimama hivyo, kila mmoja na hukumu yake mikononi, kama sanamu mbili. Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma akauliza kwa sauti, "Sasa tumwamini nani?"

Tulikutana katikati tukaelewana. Lakini tayari tulikuwa tumempa kila kocha refa wake wa kumtetea, na dakika zote zilizobaki tulisimamia mechi huku tukitukanwa pande zote mbili. Ukituuliza tuliona nini, kila mmoja angekueleza vizuri tu. Haraka ndiyo iliyotuponza.

Kwa hiyo shikeni hili. Faulo: puliza, nyoosha mkono mmoja juu umefunga ngumi, ishia hapo. Ukiukaji, yaani kosa lisilo faulo kama kutembea na mpira: mkono juu, kiganja wazi. Mtunza muda anasimamisha saa kwa ishara hiyo, na mwenzako anajua umeona kitu cha aina gani, ila bado hujasema dhidi ya nani. Kabla mkono haujashuka, mtafute kwa macho. Ukikuta naye ana ngumi juu, tulia. Aliyekuwa na tukio kwenye eneo lake ndiye anayelichukua, mwingine anashusha mkono taratibu kama vile hakupuliza. Mimi na wenzangu tunapokuwa mbalimbali hugusa kifua kusema "hii yangu", au tunamfungulia mwenzetu kiganja usawa wa tumbo: "chukua". Hizo hazimo kwenye kitabu cha sheria cha FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na kitabu kinasema wazi kwamba ishara zilizomo humo tu ndizo rasmi. Ndiyo maana tunazifanya ndogo, karibu na mwili. Ukizipeperusha juu, mtunza alama atadhani unamwambia yeye.

Mpira ukitoka nje ni hivyohivyo. Kiganja juu, saa isimame, kidole bado. Kama mpira umepita katikati ya mikono mitatu na huna hakika, mtazame mwenzako. Sisi hukubaliana kwamba aliyeona aelekeze mkono chini, usawa wa paja, upande unaostahili, nami ndiye ninayenyoosha kidole mbele ya watu. Asipokuwa na kitu, vidole gumba viwili juu, na mshale wa mezani, ule unaoonyesha ni zamu ya timu gani, unaamua mpira ni wa nani. Mkionyesha pande tofauti na mkashindwa kuafikiana, sheria inawapeleka kwenye mshale huohuo, ila mtakuwa mmefika huko mkizomewa.

Kidole gumba kimoja je? Hicho ni cha mawasiliano kati yenu na meza, yaani watunza alama na muda: tuko tayari, endelea. Wageni wanakidharau. Siku moja nilirudisha mpira mchezoni bila kukisubiri, timu moja ikawa na watu sita kiwanjani. Sina la kuongeza hapo.

Namba ndiyo inayowachanganya wengi. Faulo ya mchezaji namba 24: kwanza unaonyesha vidole viwili, mgongo wa mkono ukielekea mezani, hiyo ndiyo ishirini; kisha vidole vinne, kiganja kikielekea mezani. Ukionyesha vyote kwa kiganja, mtunza alama anaweza kusoma sita. Kuanzia 11 hadi 15 ni rahisi zaidi: ngumi ya kulia ndiyo kumi, mkono wa kushoto unaongeza. Na msionyeshe huku mnatembea. Meza zetu za mtaani mara nyingi ni kijana mmoja mwenye daftari na simu, spika inapiga muziki nyuma yake, bodaboda zinapita. Simama anapokuona, onyesha, na useme kwa mdomo pia. Kitabu chenyewe kinahimiza hivyo.

Haya yote hayafanyiki kama mmekutana wakati mpira unarushwa. Mamlaka ya waamuzi huanza dakika 20 kabla ya mechi, na sisi dakika tano kati ya hizo tunakaa kivulini: nani anachukua gongano la katikati, tunaombaje msaada mpira ukitoka nje, nani anatazama saa ya sekunde 24, ile ya muda wa timu kurusha mpira kikapuni, kama ipo. Usipangwe na mtu usiyemjua ukakaa kimya kwa sababu amekuzidi umri. Muulize, "Kaka, tukipuliza pamoja tunafanyaje?" Anayekasirishwa na swali hilo, mchunge sana kiwanjani.

Yule mwenzangu wa siku ile bado tunapangwa naye. Tukipuliza kwa pamoja ananyanyua ngumi, ananitazama, halafu anachelewa makusudi kunifungulia kiganja, na meno yote yako nje.