Kwa wadogo zangu mnaoingia Mang'u

Mkishapata barua ya kujiunga na Mang'u High, kila mjomba nyumbani atawatajia majina: Kibaki aliyekuwa rais alisoma hapo, Tom Mboya na Saitoti waliokuwa mawaziri, Kadinali Otunga ambaye 1973 akawa Mkenya wa kwanza kuwa kadinali. Ni kweli wote walipita hapo, lakini wajomba hawasemi walisomaje, na hiyo ndio nataka mjue kabla hamjafunga sanduku.

Shule ilianza 1925 Kabaa, kule Machakos, ikianzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu, baadaye ikahamia Mang'u ikaitwa Holy Ghost College, halafu miaka ya 1970 ikaja ilipo sasa upande wa Thika, jina la Mang'u ikabaki nalo. (Kabaa bado kuna shule, so mkikutana na kijana wa Kabaa kwenye michezo akawaambia nyie ni watoto wao msibishane naye, ana haki.) Sa hii ni shule ya taifa, walimu wanatoka serikalini, kanisa ndilo mdhamini. Kwa hiyo kuna misa na kuna kapleni (mlezi wa kiroho wa shule), na wanafunzi wengi tu si Wakatoliki. Kama wewe ni wa dhehebu lingine ama Muislamu usiogope, ongea na kapleni mapema, ni mtu wa kusikiliza hata mambo ya nyumbani.

Sasa masomo. Kaulimbiu ya shule ni Jishinde Ushinde na mimi niliuona ukutani miezi mingi bila kuuelewa, nilikuwa nimetoka shule ambayo kila mtihani ni namba moja, nikafika nikakuta darasa zima walikuwa namba moja kwao. Nikaanza kushindana na jirani, akisoma mpaka saa sita na mimi saa sita, akinunua kitabu cha rivisheni na mimi nampigia mama, na Fisiksi bado inashuka tu kwa sababu nilikuwa nakremu fomula bila kujua zinatoka wapi. Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana: daftari moja la makosa. Kila CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula) ikirudi unaandika swali ulilokosa, unalifanya upya bila kuangalia majibu, wiki ijayo unalifanya tena. Hesabu fanya kila siku hata maswali matano, usiiachie wikendi. Na Kiswahili na Kingereza msizidharau ati nyie ni watu wa sayansi, nimeona vijana wakali wa Kemia wakiangushwa na insha.

Kuna pia eviesheni, yaani somo la mambo ya ndege, ambayo shule chache sana Kenya zinafundisha, na wengi wanaikimbilia kwa sababu ya jina la rubani. Si urubani, ni jinsi ndege inavyopaa, injini, vyuma, michoro, hali ya hewa, na bila Hesabu na Fisiksi utateseka. Nyie mnaoanza Gredi 10 mnachagua mkondo wa masomo mapema kuliko sisi, so wiki ya kwanza ingia idarani ukaulize, usichague kwa uvumi wa bwenini.

Turudi kwa wale wakubwa. Kibaki alikuwa Mang'u 1947 mpaka 1950, na likizo alikuwa anafanya kazi ya utingo kwenye mabasi ya Othaya, halafu akaenda Makerere akatoka na digrii ya first class, daraja la juu kabisa, 1955. Mboya naye alipita vizuri kiasi cha kuendelea kusomea cheti cha Cambridge, lakini hakuendelea na shule kwa sababu baba yake hakuwa na karo, akaenda kusomea ukaguzi wa afya Nairobi. Hiyo ya Mboya huwa inanigusa sana, manake kila mwaka kuna kijana anatumwa nyumbani karo, anakosa wiki mbili, anarudi wenzake wamemaliza topiki nzima na anaona aibu kuuliza. Ukirudi hivyo omba madaftari usiku huohuo, na mwalimu umfuate ofisini, wengi watakurudilia. Na mwambie mzazi aende ofisi ya NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge) ya eneobunge lenu kuulizia fomu ya basari kabla muhula haujaanza, pamoja na kopi ya barua yako ya shule, asingoje mpaka utumwe.