Kabla ya kununua simuleta, kapime macho

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mwanafunzi wa sekondari. Anataka kuwa rubani wa ndege za kivita, ana kompyuta yenye nguvu, anauliza anunue simuleta ipi, yaani programu ya kuiga urushaji wa ndege, ili aanze mapema. Swali hili huja kila mara, na kila mara hunitia unyonge kidogo, maana anayeuliza mara nyingi hajawahi kuwaza juu ya macho yake, masikio yake, wala urefu wa paja lake. La simuleta nitalijibu mwishoni.

Mchujo wa marubani wa kijeshi huanza mbali na ndege. Huanza kwenye chumba cha daktari, na wengi huishia hapohapo. Kinachouma ni kwamba mengi yanayowarudisha nyumbani wangeweza kuyajua miaka mitatu kabla, wakajipanga upya bila kupoteza muda.

Basi anza na macho. Nenda kwa daktari wa macho, usiishie kusoma herufi ukutani kwenye duka la miwani. Mwombe apime kila jicho peke yake, kwa mbali na kwa karibu, akuandikie nguvu ya lenzi unayohitaji, apime uwezo wa kutambua umbali kwa macho mawili, na ikiwezekana apige ramani ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Kisha rangi. Kurasa za Ishihara, zile za vitone vyenye tarakimu ndani yake, zimekuwa zikitumika tangu 1917, na mpaka leo kuna vijana wanaofika kwenye usaili ndipo wanapogundua kwamba nyekundu na kijani kwao hazitofautiani vizuri. Kasoro hiyo ni ya kurithi, huwapata zaidi wanaume, na haina dawa. Dakika kumi za kupima zinakueleza kama mlango huu uko wazi.

Kuvaa miwani si lazima kukufungie njia. Majeshi mengi yana kiwango wanachokubali. Hatari ni haraka ya kukimbilia leza. Katika upasuaji wa LASIK daktari hukata kipande chembamba cha konea, hukiinua kama kifuniko, kisha hukirudisha. Katika PRK hakuna kifuniko, tabaka la juu huondolewa likaota upya. Kwa muda mrefu majeshi yalikiogopa kifuniko hicho, kwamba kingeweza kuhama rubani anaporushwa nje ya ndege na kiti chake wakati wa dharura. Baadhi sasa yanakubali aina zote mbili, mengine bado. Yanayokubali hutaka miezi ya kusubiri na rekodi za macho yalivyokuwa kabla ya kisu. Kwa hiyo soma masharti ya jeshi lako kwanza, kisha ndipo uamue. Na acha kusugua macho: kusugua kwa nguvu kila siku kunahusishwa na konea kupinda na kuchongoka kama koni, na ramani ya konea huionyesha kasoro hiyo hata kama wewe unaona vizuri.

Masikio yana hadithi fupi. Kelele hula kusikia kwako kuanzia karibu na masafa ya 4,000 Hz, na kipimo huonyesha bonde mahali hapo. Spika za masikioni zilizofunguliwa mpaka mwisho zinatosha kulichimba. Siku moja kabla ya kipimo kaa mbali na muziki wa sauti kubwa na mashine, la sivyo utapimwa ukiwa na masikio yaliyochoka.

Sasa lile paja. Utapimwa urefu ukiwa umesimama, kisha ukiwa umeketi mgongo ukutani, kisha kutoka makalioni hadi gotini. Kiti cha kujirusha kinapofyatuka, magoti yanapita karibu sana na ukingo wa paneli ya vifaa. Paja refu mno linagonga. Ukiwa mfupi mno kwa kuketi, huoni juu ya pua ya ndege, au mguu haufikishi kanyagio mpaka mwisho. Uzito nao una mipaka ya chini na ya juu, kwa sababu baruti ya kiti haijui kama imebeba mtu mwepesi. Mwili hupungua sentimita moja hivi kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo aliye mpakani aombe kupimwa mapema. Ukikutwa nje ya vipimo vya ndege za kivita, uliza kuhusu helikopta na ndege za mizigo. Vyumba vyao vya rubani vina vipimo tofauti, na hao pia ni marubani wa kijeshi, hata kama mitandaoni hakuna anayewapigia makofi.

Mtihani wa uwezo ndiyo sehemu ambayo mazoezi hulipa zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Historia ya ndege si kiini chake. Unapewa kazi tatu kwa pamoja: kufuata alama inayotembea kwenye skrini kwa mkono na miguu, kusikiliza herufi au namba masikioni, na kufanya hesabu. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi. Kinachowaangusha watu ni kuzifanya huku jambo jingine likiendelea.

Jifunze kufikiri kwa maili kwa dakika. Noti ni maili za baharini kwa saa, kwa hiyo noti 420 ni maili 7 kwa dakika, gawanya kwa 60 tu. Mafuta yamebaki kilo 1,200, akiba isiyoguswa ni 300, ndege inakula 30 kwa dakika: una dakika 30, yaani maili 210. Jipe sekunde kumi. Halafu mwelekeo wa kinyume kwenye dira: usijumlishe 180, utachelewa. Ongeza 200 utoe 20, au utoe 200 uongeze 20. Nyuzi 070 inakuwa 250. 310 inakuwa 130. Halafu kanuni ya 60: ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja, baada ya maili 60 uko maili moja pembeni.

Ukishazimudu ukiwa umetulia, mwambie ndugu yako akusomee herufi ovyoovyo, nawe ugonge meza kila ukisikia R, huku ukiendelea na hesabu kwa sauti. Siku ya kwanza utachanganyikiwa kabisa. Dakika 15 kila siku kwa miezi miwili zinabadilisha mtu. Kesha la usiku mmoja kabla ya mtihani halisaidii hata kidogo, maana kinachopimwa ni mgawanyo wa akili, na huo haukaririwi.

Fizikia usiiache kwa kisingizio kwamba utafundishwa. Ndege ikiinama nyuzi 60 kwenye kona bila kupoteza mwinuko, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wake, yaani 2 G. Mwendo ambao bawa hushindwa kunyanyua hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo, kwa hiyo ndege inayoshindwa kwenye noti 60 ikiwa imenyooka itashindwa kwenye noti 85 ndani ya kona ile. Mwanafunzi anayeelewa hilo hashangai ndege inapotetemeka akiwa na mwendo ambao kwenye karatasi ulionekana salama.

Mwili nao uandae kwa kazi yenyewe. Mbio zitakupitisha kwenye mtihani wa viungo, lakini G hupiganwa kwa misuli ya mapaja, makalio, tumbo na shingo. Kwenye 9 G kichwa na helmeti vya kilo 7 vinakuwa kama kilo 63. Damu inashuka miguuni, na asiyejikaza huanza kuona kiza mahali fulani kati ya 4 na 6. Mbinu ni kukaza miguu na tumbo kabla ya kuvuta fimbo ya kuongozea ndege, kufunga pumzi, kisha kila sekunde tatu kubadilisha hewa haraka, chini ya sekunde moja, bila kulegeza miguu. Makosa ni mawili: kuanza kujikaza umechelewa, na kuachia pumzi yote kwa mkupuo. G ikipanda ghafla hutapata onyo la kuona kiza, kwa sababu ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde tano hivi, kisha unazima. Mbinu hii utafundishwa chini ya uangalizi, usiijaribu chumbani. Kazi yako sasa ni kuchuchumaa na uzito, kunywa maji na kulala.

Na jifunze kuogelea, hata kama bahari huijui. Kuna zoezi ambapo chumba cha helikopta huzamishwa bwawani na kupinduliwa nawe ukiwa umefungwa mkanda. Unashika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja, unasubiri mzunguko uishe, unafungua njia, ndipo unafungua mkanda. Anayefungua mkanda mapema huelea ndani ya kiza, asijue juu ni wapi. Watu wenye vifua vipana wamelilia bwawa hilo.

Kichefuchefu angani si aibu, wengi huzoea baada ya safari kadhaa. Aibu ni kukificha kwa vidonge vinavyoleta usingizi. Vivyo hivyo mafua: ndege ikishuka na mianya ya pua imeziba, hewa iliyonaswa ndani ya uso hujikunja na kuleta maumivu ya kukufanya uachie fimbo. Pumu ya utotoni, kifafa, dawa unazotumia, yaandike yote kwenye fomu. Rekodi za hospitali zina tabia ya kujitokeza baadaye, na aliyedanganya hufukuzwa kwa uongo hata kama ugonjwa ungesamehewa.

Kwenye usaili utaulizwa kwa nini jeshi na si shirika la ndege. "Napenda ndege tangu utotoni" si jibu; na anayerusha ndege za abiria anazipenda pia. Utakuwa ofisa kwanza, utasaini mkataba wa miaka mingi, na siku moja unaweza kuamriwa kuua. Lizungumze na wazazi wako kabla ya jopo kukuuliza.

Haya, simuleta. Yoyote itatosha kukufundisha majina ya vifaa na lugha ya redio. Ubaya wake ni kwamba inakuzoesha kukodolea saa za paneli, na wakufunzi hulazimika kuzifunika kwa karatasi ili mwanafunzi atazame upeo wa macho. Kifaa bora zaidi ni kiti cha jikoni. Keti, shika mpini wa ufagio katikati ya magoti, fumba macho, uruke kwa mawazo mzunguko mzima wa uwanja wa ndege, toka kupaa hadi kutua, kwa dakika zake halisi: useme kila namba, uguse kila swichi mahali ilipo, utamke kila neno la redio. Ukikwama, rudi mwanzo wa njia ya kurukia. Marubani wenye maelfu ya saa bado hufanya hivyo usiku kabla ya safari, mlango ukiwa umefungwa.